Nauli ya Kumfuata Nzilani

Mutheu alikuwa ameketi kando ya barabara pale Kyumbi, akipepeta ndengu kwenye ungo huku malori ya Mombasa yakimtimulia vumbi, alipomwona Zaituni akishuka kwenye pikipiki na karatasi mbili mkononi. Zaituni ana duka la vyombo Machakos mjini, na si mtu wa kuacha duka saa nne asubuhi. Mutheu akauweka ungo chini.

"Mama Zubair, ni nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama Wanza. Hebu nipe mahali pa kukaa kwanza."

Akampa gunia. Zaituni akasoma ile barua pole pole, akiigeuza kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kwa sababu Mutheu aliachia shule darasa la nne na simu yake ni kabambe, ya vibonyezo tu, isiyopokea barua pepe. Mahakama ya huko Ulaya ingekaa tarehe kumi na nne ya mwezi uliofuata kuamua mtoto Nzilani alelewe na nani. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi minne. Kwa sasa analelewa na familia moja ya huko, na familia hiyo imempenda, inataka kubaki naye moja kwa moja. Kama yuko ndugu wa damu anayemtaka, afike mwenyewe, ahojiwe, aonekane akiwa na mtoto, kabla ya siku hiyo.

"Wameandika 'kama yuko'?" Mutheu akauliza.

"Wameandika hivyo."

"Wanajua niko."

Wanza, mama yake Nzilani, alikuwa mtoto wake wa pekee. Miaka sita alikaa Ulaya akiwaosha wazee wa watu na kuwageuza kitandani. Kwa Mutheu nchi yoyote yenye baridi ni Ulaya, na hapa itaitwa hivyo hivyo. Mwezi wa pili Wanza aliumwa kichwa, akapewa vidonge, akarudi kazini, na siku ya nane hakuamka. Watu wa Mumbuni, kijijini kwake, walichanga ili mwili uletwe nyumbani. Mchango ukafika nusu ya njia ukakwama, na mwili hauwezi kungojea mchango. Wakamzika huko huko, watu wanne wamesimama kwenye mvua. Pasipoti aliyoiomba Mutheu ili akamzike mwanawe ilitoka wiki tano baada ya mazishi. Ilikuwa ndani ya sanduku mpaka siku hiyo, kurasa zote nyeupe.

Mwanamume aliyemzalisha Wanza hakuwahi kuleta hata mbuzi mmoja wa ntheo. Kwa Wakamba hilo ni jambo lililokwisha kuamuliwa: mbuzi wa ntheo wasipofika kwa wazazi wa msichana, hakuna ndoa, na mtoto ni wa nyumba aliyozaliwa mama yake. Nzilani alikuwa wa Mumbuni. Jina lenyewe Mutheu ndiye aliyelitoa kwa simu, jina la marehemu mama yake. Hakuna mzee katika Ukambani nzima ambaye angehitaji kusikiliza kesi hiyo zaidi ya dakika mbili.

Lakini kesi haikuwa Ukambani.

Siku iliyofuata walikutana dukani kwa Zaituni kupanga safari. Zaituni ameshaenda umra mara mbili kwa faida ya sufuria na thermosi, na hakuna mtu mjini anayejua kuizunguka bei ya tiketi kama yeye. Alivaa miwani, akawasha simu, akaanza kufundisha.

"Usiruke Ijumaa. Ijumaa ni ya matajiri. Utaruka Jumanne. Sasa, ndege ya moja kwa moja ni bei ya ng'ombe watatu. Hii nyingine inapitia viwanja viwili, ni ng'ombe mmoja na mbuzi. Lakini katikati utakaa kwenye kiti saa kumi na saba."

"Kukaa nayo ni kazi? Mimi Kyumbi hukaa toka alfajiri na hakuna anayenipeleka mahali."

"Na mzigo unalipiwa. Kwa hivyo usibebe. Vaa."

"Nivae nini?"

"Vyote. Rinda tatu, sweta mbili, koti ya marehemu mzee wako. Ukipita pale watasema tu huyu mama amenona. Kunona hakulipiwi."

Mutheu akacheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Wakaendelea. Chakula angebeba mayai ya kuchemsha na chapati. Kulala, angelala kwenye kochi kwa Kamene, msichana wa Kangundo aliyekuwa akifanya kazi na Wanza. Kutoka kwa Kamene hadi mahakamani ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, basi hakuna haja ya gari. Zaituni aliandika yote kwenye daftari la duka, na lilikuwa jambo la kustaajabisha jinsi dunia ilivyokuwa ndogo na rahisi ikiandikwa hivyo.

"Kurudi mko wawili," akasema. "Lakini mtoto hajatimiza miaka miwili, hanunuliwi kiti. Atakaa mapajani mwako."

Mutheu akajikuta ameweka viganja vyote viwili juu ya mapaja.

Lililobaki lilikuwa viza. Fomu ilitaka barua ya mwajiri, hati ya shamba, na stetimenti ya benki ya miezi sita. Mwajiri wa Mutheu ni barabara. Akaunti anayo, lakini ilikuwa na pesa za kununulia chumvi, kwa sababu mtu wa ndengu huweka pesa zake ndani ya ndengu. Na tiketi ya ng'ombe mmoja na mbuzi bado ilikuwa tiketi, na hakuwa na ng'ombe.

Hapo ndipo alipoingia Ndunda, ndugu wa marehemu mume wake na mwenyekiti wa mwethya. Mwethya ni kikundi cha kulimiana na kuinuana. Cha Mumbuni kina watu arobaini na watatu. Ndunda hakusoma sana, lakini alinunua magazeti miaka thelathini na hakutupa hata moja, na kichwani mwake hakuna dhuluma iliyowahi kufanyiwa Wakamba ambayo haikuwa imeandikwa tarehe. Jumapili baada ya kanisa aliwakusanya watu wote nyumbani kwake.

"Hawa watu walipofika hapa," akaanza, "ni nani aliyewauliza stetimenti?"

Watu wakacheka.

"Nauliza! Walionyesha barua ya mwajiri? Walipoleta askari kuhesabu ng'ombe wetu mwaka wa thelathini na nane, wakawachukua kwa bei ya kutupa, walikuwa na viza? Babu yake huyu Mutheu, mzee Mbithi, alitembea kwa miguu mpaka Nairobi na maelfu ya wengine, wakalala nje wiki sita wakidai ng'ombe. Hakulipa nauli. Mama zetu wakachimbishwa matuta katika hivi vilima, chifu amesimama na kiboko, na hiyo nayo wakaiita mwethya, jina letu wakalifanya mjeledi. Leo mtoto wetu amewaosha wazee wao mpaka akafa. Mtoto wake wanataka kubaki naye. Na sisi mwili tuliuacha huko!"

Hapo hakuna aliyecheka. Hilo la mwili lilikuwa limewakaa watu wote kooni tangu Machi. Lilikuwa aibu ya kijiji kizima, na wengine walikuwa wameanza kupita njia nyingine wasikutane na Mutheu. Kwa hiyo Ndunda aliposema kila mtu atoe, walitoa kwa namna ambayo haijawahi kuonekana. Mmoja aliuza ndama. Mmoja alikopa kwa mshahara wa mwanawe wa Syokimau. Mama mmoja kikongwe alileta noti zilizonuka moshi.

"Ziwekwe benki pole pole," Zaituni akashauri. "Kidogo leo, kidogo wiki ijayo. Ndivyo nilivyosikia kwa wanaosafiri."

"Kidogo kidogo ni ya mwizi!" Ndunda akamrukia. "Mwizi ndiye anayeficha. Sisi tutaenda wote, siku moja, kila mtu na karatasi yake na jina lake. Wataona huyu mama si wa kutupwa. Wataona yuko na watu."

"Na hati ya shamba, Mzee Ndunda? Hiyo wameitaka pia."

Ndunda akatazama viatu vyake. Shamba analolima Mutheu bado limeandikwa jina la baba yake Ndunda, aliyekufa mwaka wa tisini na nne, kwa sababu ndugu wanagombania mpaka, na aliyekataa kutia sahihi miaka yote hiyo ni yeye mwenyewe.

"Tutaweka barua ya chifu," akasema.

Jumatatu watu arobaini na watatu walijipanga kwenye benki moja Machakos, wamevaa nguo za kanisa. Mlinzi alidhani ni maandamano. Kila mmoja alijaza karatasi yake, akaandika jina lake, akaweka pesa zake kwenye akaunti ya Mutheu. Wasiojua kuandika waliandikiwa na Zaituni, aliyekuwa amekubali kushindwa. Mutheu alisimama kando ya mlango akiwashika mkono mmoja mmoja wakitoka. Hakuwahi kujisikia tajiri namna ile, na haikuwa kwa sababu ya pesa.

Wiki iyo hiyo akapanda kwenda Nairobi na bahasha. Dirishani alimkuta msichana Mwafrika, kucha nyekundu, sauti ya upole, mtu ambaye mama yake angeweza kuwa mteja wa ndengu. Alifunua stetimenti, kidole kikateremka, kikasimama.

"Mama, hizi pesa ziliingia siku moja?"

"Ii. Siku moja. Jumatatu." Mutheu alisimama wima kusema hivyo.

"Zote?"

"Zote. Hao ni watu wetu. Unaweza kuwapigia, kila mmoja yuko na simu."

Mdomo wa msichana ulifunguka kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo lisiloruhusiwa na kiti alichokalia. Kisha akapiga muhuri. "Sawa, mama. Mtajulishwa."

Zikapita siku kumi na nane. Mutheu alinunua koti la mtoto pale mitumba, jekundu, lenye kofia. Alimweleza kila dereva wa lori aliyesimama kununua ndengu kwamba anakwenda kumchukua mjukuu.

Jibu lilikuja zikiwa zimebaki siku tisa. Zaituni alilisoma kwanza peke yake, akafunga duka, akapanda pikipiki. Alilifasiri lote pale pale kando ya barabara. Afisa hakuridhika kwamba pesa zilizomo kwenye akaunti ni za mwombaji. Amana arobaini na tatu kutoka kwa watu tofauti ziliingizwa siku moja bila maelezo ya kutosha. Mwombaji hakuonyesha ajira wala mali. Mwombaji hakuonyesha kwamba ana jamaa au uhusiano wa kutosha katika nchi yake wa kumfanya arudi baada ya ziara. Ada hairudishwi.

"Soma hapo pa jamaa tena," Mutheu akasema.

Zaituni akasoma tena.

"Wameona yale majina?"

"Wameyaona. Wameyahesabu."

"Na wameandika sina watu."

Lori likapita likipiga honi ya salamu. Mutheu akainua mkono kulijibu, kwa mazoea, kisha akautazama ule mkono kana kwamba si wake.

Walijaribu kuomba upya. Siku ya karibu ya kupokelewa karatasi ilikuwa tarehe thelathini. Walimwandikia mwanamke wa mahakamani aliyetuma barua. Akajibu kwa adabu sana kwamba anasikitika, kesi haiwezi kusogezwa, mtoto anahitaji utulivu, lakini bibi anaweza kushiriki kwa simu ya picha.

Jioni hiyo Ndunda alifika kwa Mutheu akiwa ameshika fimbo, macho mekundu. "Tutaenda kwa miguu. Watu wote. Mpaka kwa mlango wao, tulale hapo wiki sita kama mzee Mbithi."

"Kaa chini, shemeji."

"Sikai! Mwaka wa thelathini na nane serikali ilirudi nyuma! Gavana mwenyewe alikuja hapa Machakos! Mnyonge akiketi mlangoni—"

"Ng'ombe walisikizwa," Mutheu akasema. "Nakubali. Babu aliniambia. Walisikizwa kwa sababu walikuwa elfu nyingi. Mimi nadai mmoja."

Ndunda akaiegemeza fimbo ukutani, akakaa.

"Ni mimi niliyesema pesa ziwekwe siku moja," akasema baadaye sana, sauti imekuwa ndogo. "Mama Zubair alinionya. Na ile hati ya shamba pia ni mimi."

Mutheu hakumwambia si wewe. Alimmiminia chai, akamsogezea sukari, wakanywa. Wiki iyo hiyo watu wa mwethya waliitwa wachukue pesa zao, zikiwa zimepungua kwa ile ada, na wote walizichukua, kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa. Waliokuja kuzipokea hawakujua wasalimie vipi.

Tarehe kumi na nne, saa nane mchana, Mutheu aliketi chumba cha nyuma cha duka la Zaituni, kati ya marundo ya sahani na masinia yaliyofungwa magazeti. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye birika. Alikuwa amevaa rinda la Pasaka. Kwenye kioo kulikuwa na mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi nyeupe, huyo ndiye hakimu, na watu wengine wadogo wadogo mezani. Mkalimani hakuonekana, alisikika tu, mwanamume mwenye Kiswahili cha mwambao, laini, kilichonyooka, ambacho Mutheu alihisi kinamvua nguo.

"Bibi Mutheu, mahakama inakusalimu. Mahakama inauliza: ulipewa taarifa mwezi mzima kabla. Kama unamtaka mtoto huyu, ni kwa nini hukufika?"

Zaituni, aliyesimama kando nje ya picha, akaziba mdomo kwa mtandio.

"Mwambie walinikataza," Mutheu akasema. "Nilikuwa niko na nauli. Nilikuwa niko na mahali pa kulala. Walikataa kunipatia viza."

Maneno yakaenda, yakarudi.

"Mahakama inasema haihusiki na mambo ya viza. Hiyo ni ofisi nyingine."

"Ni ofisi ya serikali gani?"

"Ni serikali hiyo hiyo, bibi. Lakini ni ofisi nyingine."

"Basi awaulize. Si wako karibu? Mimi ndio niko mbali."

Mkalimani akakohoa. Alitafsiri, au alitafsiri sehemu. Hakimu akaandika kitu. Akaulizwa kama amewahi kumshika mtoto mikononi. Hapana. Kama mtoto anaijua sauti yake. Akasema Wanza alikuwa akiiweka simu kwenye sikio la mtoto kila Jumapili, naye anamwimbia. Akaulizwa anaimba nini, na akashindwa kujibu, si kwa kusahau, ila aliona ule wimbo ukipita mdomoni mwa yule mwanamume na kuwekwa mezani mbele ya wale watu, akaona bora aubane. Hakimu akaandika tena. Akaulizwa kuhusu nyumba, maji, mali. Akasema shamba lipo. Akaulizwa hati ni ya nani.

"Ya mkwe wangu."

"Mkwe wako yu hai?"

"Hapana."

Waliambiwa wasubiri. Baada ya saa nzima uso wa hakimu ukarudi, na hata kabla mkalimani hajafungua kinywa Zaituni alikuwa ameshaelewa Kiingereza chake, akageukia rundo la sahani. Mtoto atabaki na familia inayomlea, aliyoizoea. Mahakama inatambua upendo wa bibi. Bibi ataruhusiwa kuandika barua moja kila mwaka, kupitia ofisi maalumu, na barua isomwe kwanza kabla ya kupelekwa.

"Moja?" Mutheu akauliza.

"Moja kwa mwaka, bibi. Nasikitika." Hilo la mwisho halikutoka kwa hakimu. Lilitoka kwa mkalimani mwenyewe.

Kisha, kwa hisani, wakamwonyesha mtoto. Walimleta yule mama mlezi kwenye picha, mwanamke mnene mwenye sura njema kabisa, isiyo na ubaya wowote wa kuchukiwa, na mapajani mwake Nzilani. Paji la uso lilikuwa la Wanza. Nywele zilikuwa zimeachwa kavu, hazikupakwa mafuta.

"Nzilani," Mutheu akaita. "Nzilani, mwana wakwa. Ni susu, bibi yako."

Mtoto akatazama huku na huku akitafuta sauti inakotoka. Kwa kitambo kidogo sana macho yake yalitua sawasawa. Kisha yule mwanamke akamnong'oneza kitu, jina jingine, jina fupi la kikwao, na mtoto akageuka upesi, akacheka, akamshika shavu. Picha ikaganda hapo. Ikazimika.

Mbele ya duka mteja alikuwa anagonga kaunta kwa sarafu, akiuliza bei ya thermosi. Zaituni hakwenda. Mteja akaondoka.

Mutheu hakulia, na Zaituni, aliyekuwa amejiandaa kumshika, hakujua afanye nini na mikono yake.

"Mama Zubair."

"Naam, dada."

"Hiyo nchi yao imepakana na nani?"

"Unasemaje?"

"Nauliza imepakana na nani. Nchi hazikai peke yake. Tafuta moja karibu nao isiyotaka viza. Nitaenda hapo. Sitavuka. Niuze hata ndengu, nikae tu karibu, akikua akiuliza aambiwe niko hapo ng'ambo ya mpaka."

Zaituni akachukua simu kutoka kwenye birika, akavaa miwani. Akafungua ramani, akaikuza kwa vidole viwili, akaanza kutafuta, nchi moja, halafu ya pili, akisoma kwa midomo bila sauti. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye masinia. Alipofika ya sita akaacha.

"Zinataka, Mama Wanza. Hawa wote ni kitu kimoja. Zote zinataka."

"Zote?"

"Zote."

"Angalia tena," Mutheu akasema. "Anza na zile ndogo."